Ukungu Siku ya Uzinduzi

Kapteni alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini kazini hakuna aliyelitumia. Walimwita Hakosi. Jina hilo alibandikwa na fundi mmoja wa injini, miaka mingi nyuma, siku aliyotua katikati ya mvua ya mawe wakati wenzake wote walikwenda kulala mji mwingine. Alilipenda mno. Kwenye harusi na misiba ya ukoo, mtu akimwuliza habari za kazi, alianzia kwenye mvua ile ya mawe na hakunyamaza mpaka chai iwe imepoa. Mke wake alishajifunza kusinzia macho wazi.

Asubuhi ya uzinduzi, rubani msaidizi aliyepangiwa kuruka naye aliamka tumbo limemchafuka. Ofisi ya zamu ikapiga simu huku na huku, na aliyepokea akiwa tayari amevaa sare alikuwa binti wa dada yake Hakosi mwenyewe. Alikuwa rubani wa miaka michache tu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Wenzake chuoni walimpa jina la Rula, kwa sababu hapindi.

Mjomba na mpwa hawakuwahi kuruka pamoja. Walikutana chini ya ngazi ya ndege.

"Leo utaniita Kapteni," Hakosi alisema. "Mambo ya mjomba tumeyaacha nyumbani."

"Sawa, Kapteni."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Kapteni. Anakusalimu. Mgongo unamsumbua tena."

"Mwambie aache kubeba ndoo."

Safari yenyewe ilikuwa fupi, ila abiria hawakuwa wa kawaida. Safu mbili za viti vya mbele ziling'olewa usiku uliotangulia ili pawekwe kochi la Mheshimiwa Waziri. Pembeni yake alikaa Mkurugenzi wa shirika la ndege, mtu mnene mwenye sauti laini, na nyuma yao wasaidizi, wapiga picha, waandishi na abiria wachache waliokata tiketi zao zamani bila kujua watasafiri na dola.

Walikuwa wanakwenda mji wa milimani ambao uwanja wake wa ndege ulikuwa maarufu kwa jambo moja, ukungu. Kila msimu wa baridi ndege zilifika juu ya mji, zikasikiliza, zikarudi zilikotoka. Wananchi wakalalamika mpaka serikali ikanunua mtambo wa kuongozea ndege zinazotua bila kuona mbele. Mtambo ulikuja, ukafungwa, ukajaribiwa, ukapasishwa na wakaguzi. Ulifanya kazi vizuri kwa wiki nzima. Kisha ukazimwa na kuzungushiwa utepe, kwa sababu mali ya umma haianzi kazi kabla ya kuzinduliwa. Mkasi ulikuwa unasubiri kwenye sinia lililotandikwa mahameli, na Waziri wa kuushika alikuwa hewani, kwenye kochi, anakunywa juisi.

Walipokaribia milima, Hakosi aliita mnara.

"Mnara, tupe hali ya hewa."

Mwongoza ndege alichelewa kujibu. "Hali ya hewa ni ya kuridhisha."

"Ya kuridhisha ni mita ngapi za kuona mbele?"

"Naambiwa niseme mita elfu mbili."

Rula aliinamia kipaza sauti chake. "Unaambiwa na nani?"

"Meneja wa uwanja yuko hapa nyuma yangu. Anawasalimu."

"Nasi tunamsalimu. Wewe mwenyewe ukitazama dirishani unaona nini?"

Mwongoza ndege alifikiri. "Naona dirisha," alisema.

Hakosi alicheka kidogo, akarekebisha miwani. Rula hakucheka. Alisoma kwa sauti masharti ya kutua, kama kazi inavyotaka. Kila uwanja una kimo cha uamuzi. Ndege inashuka mpaka hapo. Ukifika na njia ya kutulia unaiona, unaendelea, na kama huioni unapandisha ndege juu bila mjadala. Si mahali pa kuanza kuwaza. Mtambo ule mpya ungewashwa, kimo hicho kingekuwa chini kabisa, karibu na majani, na wangetua bila jasho. Bila mtambo kilikuwa juu sana.

"Tunashuka," alisema Hakosi.

Wakaingia kwenye weupe. Vioo vya mbele viligeuka kama vimebandikwa karatasi. Hakosi alishika usukani, na Rula akawa anasoma kimo kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Tunakikaribia kimo. Sioni kitu."

"Nami bado."

"Kimo. Sioni kitu. Panda."

Hakosi alikawia. Ilikuwa pumzi moja tu, ya mtu anayetazama mlango anaoutegemea ufunguke, na katika pumzi hiyo ndege iliendelea kushuka. Halafu akasukuma injini, na wakapanda mpaka jua likawapiga machoni.

Rula aliandika muda kwenye karatasi yake na kunywa maji.

Mlango wa chumba cha marubani hufungwa kwa ndani, lakini Mkurugenzi alikuwa na ufunguo wake, maana ni Mkurugenzi.

"Kapteni, Mheshimiwa anauliza mbona tulikuwa tunashuka vizuri, halafu tukapanda."

"Ukungu, Mkurugenzi. Uwanja hauonekani."

"Meneja wa uwanja amenitumia ujumbe kwamba hali ni shwari kabisa. Bendi inapiga. Wageni wamekaa." Alipunguza sauti. "Mheshimiwa anasema yeye alifanya kampeni milima hiyo hiyo, kwenye ukungu mbaya kuliko huu."

"Alikuwa anatembea kwa miguu," alisema Rula.

Mkurugenzi alimtazama binti huyo kama anavyotazamwa mtoto aliyechangia mazungumzo ya wakubwa. Rula akaendelea, kwa adabu. "Mkurugenzi, mtambo upo. Wauwashe tu. Tutatua sasa hivi."

Wazo hilo lilimfurahisha Mkurugenzi. Alitoka nalo mbio kama anayebeba chai ya moto, na muda mfupi baadaye akarudi polepole.

"Mheshimiwa hakatai. Anauliza tu, ukishawashwa, yeye akifika atazindua nini?"

"Azindue hivyo hivyo, ukiwa umewashwa," alisema Hakosi.

"Nimemwambia. Anasema wananchi watakuwa wamedanganywa. Watu wamekuja kuona kitu kinawaka."

"Basi auzindue kwa simu, akiwa huku juu."

"Hilo pia nimelitaja. Mheshimiwa yuko tayari, mradi hotuba isomwe kwanza."

"Hotuba ni ndefu?"

"Ina utangulizi."

Hakosi alitazama mafuta. Hayakuwa machache, lakini hayakuwa ya kusikilizia hotuba. Rula aliita mnara na kuomba mtambo uwashwe kwa dharura, hotuba itafuata. Walisikia minong'ono, kisha mwongoza ndege akarudi hewani.

"Meneja anasema yuko tayari kutoa ushirikiano. Anaomba agizo la Waziri kwa maandishi."

"Maandishi yatamfikiaje?"

Minong'ono tena. "Anasema mkitua mkabidhi."

Mkurugenzi alifungua kifungo cha koti, akakunjua kile kiti kidogo cha nyuma ya marubani, akakaa. Alimwekea Hakosi mkono begani.

"Kapteni, ile nafasi ya mkuu wa marubani niliyokudokezea. Nilimtajia Mheshimiwa jina lako jana. Unajua alisema nini? Alisema anapenda watu wanaofika." Akatoa simu na kuanza kuandika. "Ninamwambia meneja awasaidie. Akifanya bidii kidogo kule chini na wewe ukafanya bidii kidogo huku, ukungu ni kitu gani?"

Hakosi hakuitaka ile nafasi kwa ajili ya mshahara. Aliitaka kwa ajili ya mlango wenye kibao. Tangu adokezewe alikuwa ameshachagua mahali pa kutundika picha yake ya mvua ya mawe. Alimtazama mpwa wake.

"Tukatazame mara moja zaidi," alisema. "Kutazama tu."

"Uwanja wa akiba una jua na upepo hamna," alijibu Rula. "Mafuta yanatosha kwenda huko tukiamua sasa, na yanatosha tukiamua baada ya mara moja zaidi. Baada ya hapo hayatoshi."

"Ndiyo nimesema mara moja."

"Nimesikia, Kapteni. Tukifika kimo bila kuona, tunapanda."

"Huna haja ya kunifundisha."

"Sifundishi. Nakubaliana na wewe kwa sauti."

Mwongoza ndege aliwaita wakiwa wanageuka. Safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeachwa peke yake chumbani. "Meneja ameshuka chini anakimbia. Kasema mtaona taa. Sasa niwaambie ukweli wangu. Ni mita mia mbili, na hapo nimekisia kwa huruma."

"Asante," alisema Rula.

"Taa gani hizo?" aliuliza Hakosi.

"Sikuambiwa."

Wakashuka tena. Weupe ukawafunika tena, na ndani yake ndege ilitetemeka taratibu. Hakosi alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. Nyuma yake Mkurugenzi alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Tunakikaribia kimo. Sioni kitu."

Hakosi alifuta kioo kwa kiganja.

"Kimo."

"Naona taa," alisema Hakosi.

Kweli, taa zilikuwepo. Kushoto kidogo, chini, mbili mbili, zimepangika kwa mstari wa kupendeza, za njano kama zilivyokaa kichwani mwake tangu ashike ukapteni. Moyo wake ulitulia. Akainamisha ndege kuzifuata.

"Hizo hapo," alisema Mkurugenzi kwa furaha. "Hata mimi naziona."

Rula aliziangalia. Taa za mbele zilisogea. Za nyuma yake zikasogea pia, zikasimama, zikasogea tena, kama mbuzi wanaosukumana mlangoni.

"Kapteni, taa zinatembea."

"Taa za uwanja hazitembei."

"Ndiyo ninachosema. Panda."

"Naziona kwa macho yangu. Nilikuwa natua huku hujajifunza kutambaa. Mimi ni mjomba wako."

"Chini nitakupigia magoti," alisema Rula. "Hapa panda."

Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mjomba wake, pale kwenye vishikio vya nguvu za injini, akausukuma mkono huo mbele pamoja na vishikio vyake. Hakosi angeweza kumzuia. Alikuwa na nguvu kumshinda, na cheo, na ukoo mzima upande wake. Lakini wakati huohuo ukungu ulipasuka kidogo chini ya pua ya ndege, akaona kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya nguzo, kinapepea, na chini ya kitambaa rangi rangi za nguo. Akavuta usukani kwa mikono miwili.

Injini zilinguruma mpaka sakafu ikawa inawasha nyayo. Walipotoka juani, Mkurugenzi alikuwa ameshika mkanda wa kiti kama mtu anayezuia suruali isianguke.

"Mmepita juu ya mnara," alisema mwongoza ndege. "Vikombe vimecheza."

"Zile taa ni nini?" Rula aliuliza.

Mwongoza ndege alitoka hewani kidogo, akaenda kuuliza. "Ni magari ya msafara. Meneja ameyapanga barabara ya kuelekea mahemani, ameamuru yawashe taa zote ili mpate mwanga. Dereva wa mbele alikuwa anasogea apishe bendi."

Hakosi alimwachia Rula usukani. Akasema, "Tunakwenda uwanja wa akiba."

"Nani ameamua?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mimi. Rudi kwenye kiti chako ufunge mkanda."

Mkurugenzi alirudi. Njia nzima Rula ndiye aliyeendesha ndege, na mjomba wake akawa anamsomea namba.

Uwanja wa akiba ulikuwa kwenye mji mdogo wa tambarare, njia moja ya kutulia na jengo la rangi ya maziwa. Meneja wake, mzee wa ndara aliyekuwa anamwagilia maua, aliona ndege inakuja, akaweka mpira wa maji chini, akaisukuma ngazi mwenyewe na kufika nayo kabla injini hazijazimwa. Alikuwa ameleta pia katoni ya maji ya kunywa.

Waziri alitokea mlangoni mwa ndege. Alitazama uwanja: hakuna bendi, hakuna hema, hakuna mkasi. Palikuwa na mzee mmoja wa ndara. Wapiga picha wake walikuwa tayari chini, wameelekeza kamera juu, na hakuna kiongozi anayependa kupigwa picha akiwa amepotea. Alifunga vifungo vya koti.

"Hii," alisema, "ni ziara ya kushtukiza."

Wasaidizi walishtuka kuliko wote, kisha wakafungua madaftari.

Alikagua kila kitu. Aliingia chooni, akakuta maji, sabuni na taulo safi. Alipanda kwenye mizani ya mizigo, ikasema uzito wake kweli, jambo ambalo halikumpendeza. Alilitazama gari la zimamoto, likawa limejaa maji na linawaka kwa ufunguo wa kwanza. Mzee wa ndara alimfuata nyuma, mikono mgongoni, uso umeanza kung'aa. Waandishi walianza kuchoka. Ndipo Waziri alipotazama saa ya ukutani kwenye ukumbi wa abiria, kisha saa ya mkononi mwake.

"Saa hii inachelewa."

"Kidogo, Mheshimiwa. Betri imefika jana, nilikuwa nangoja ngazi ipatikane," alisema mzee. "Ngazi ndiyo hiyo mliyoshukia."

"Wananchi wanaibiwa muda," Waziri aliwaambia waandishi. "Kuanzia sasa hivi meneja huyu nimemsimamisha kazi."

Kamera zililia. Mkurugenzi alipiga makofi, kisha akawaeleza waandishi jinsi shirika lake linavyoweka usalama mbele, na kwamba uamuzi wa kutotua milimani aliutoa yeye binafsi akiwa ameketi pamoja na marubani.

Hakosi alisikia yote akiwa amesimama kando ya mizani. Kwa kawaida angeyameza. Alimwendea Waziri, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, samahani. Mzee huyu ndiye aliyetupokea. Bila uwanja wake tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

"Kapteni," alisema Waziri kwa upole, "na wewe utaulizwa ya kwako."

Akaondoka kwa gari la kuazima, msafara wa gari moja. Mzee wa ndara alikwenda kufunga mpira wa maji uliokuwa bado unamwaga, kisha akarudi na kumwuliza Rula kama kuna abiria anayehitaji chai. Rula alimsaidia kubeba vikombe.

Kufikia adhuhuri ukungu wa milimani uliinuka wenyewe. Abiria wa kawaida walikuwa wanataka kwenda kwao, wakarudishwa ndegeni, na mmoja wao akaruhusiwa kukalia kochi. Uwanja ulionekana tokea mbali, umelala kati ya vilima kama mkeka. Hakosi alimwachia Rula atue, naye akatua vizuri mpaka watu hawakujua magurudumu yamegusa lini.

Hakosi hakwenda ofisini kusaini. Alivuka majani, akapita kando ya mtambo uliokuwa bado na utepe wake, akaenda mpaka barabara ya mahemani. Barabara ilikuwa sambamba na njia ya kutulia, mita chache tu pembeni. Hema moja kubwa jeupe lilikuwa bado limesimama. Wanawake wawili walikuwa wanapandanisha viti vya plastiki, na viti vilikuwa vingi sana. Vingine vilikuwa vidogo, vya watoto wa shule walioletwa kuimba.

"Mlikuwa mmekaa hapa asubuhi?" aliwauliza.

"Hapa hapa, baba," alijibu mmoja. "Tulimsubiri Mheshimiwa. Ndege ikaja chini kabisa, hema likataka kung'oka, halafu ikapaa. Tulidhani ni sehemu ya sherehe. Tulipiga makofi."

"Watoto walifurahi sana," alisema mwenzake.

Hakosi aliomba kiti. Walimpa, wakaendelea na kazi kwa kumzunguka, na alipokuwa bado amekaa wakati hema linashushwa, walimwambia taratibu asogee, nguzo isije ikamwangukia. Rula ndiye aliyekuja kumchukua. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, wakatembea.

Mtambo ulizinduliwa baadaye, siku yenye jua kali, na Waziri aliukata utepe huku amevaa miwani myeusi. Nafasi ya mkuu wa marubani alipewa shemeji yake Mkurugenzi, kijana mzuri ambaye aliacha kuruka zamani kwa sababu ya kizunguzungu. Mzee wa ndara hakurudishwa. Hakosi alimwandikia Mkurugenzi kumtetea, mara tatu, na mara ya tatu akaambiwa ashughulike kwanza na maelezo yake mwenyewe, maana ofisi bado ilikuwa inataka kujua kwa nini alishindwa kutua wakati taa zilikuwepo.

Aliandika, "Sikuuona uwanja."

Karatasi ilirudi. Mkurugenzi alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haitoshi, eleza ulichokiona.

Hakosi aliichukua nyumbani, akakaa nayo mezani, akaandika upya: "Niliona hema, na watu ndani yake. Aliyetuokoa ni rubani msaidizi. Mimi nilikuwa natua."

Akaweka sahihi kwa jina alilopewa na wazazi wake, akaipeleka. Hiyo hawakuirudisha.